Kula na kunywa Zermatt msimu wa theluji: anza na njia ya kushuka

Zermatt ipo Uswisi, jimbo la Valais, chini ya mlima Matterhorn wenye urefu wa mita 4,478. Wakazi wake ni kama elfu sita tu, ila sehemu za kula zinapita mia moja, na zimetawanyika kuanzia kituo cha treni kwenye mita 1,608 hadi kituo cha juu kabisa cha gari la kebo kwenye mita 3,883. Kwa hiyo kabla hujauliza mezani kuna nini, uliza ukishamaliza kula utashukaje. Magari ya kebo hufungwa alasiri, migahawa mingi ya mlimani hufunga nayo, na majiko ya mjini huwaka kwa saa zake. Anayekosea saa hulala na mkate mkavu, au hulipa mara mbili.

Angalizo moja kuhusu saa: humu tunahesabu kwa Kiswahili, ila ubao wa kituoni unaandika 16:30 pale tunaposema saa kumi na nusu alasiri. Wageni wetu hukosea hapo kuliko popote. Bei zilizotajwa ni makadirio kwa faranga za Uswisi, zikusaidie kupanga mfuko.

Mji ulivyokaa

Magari ya mafuta ya wageni hayaingii Zermatt. Ukija na gari unaliacha Täsch, kilomita 5 chini, kisha unapanda treni inayoondoka kila dakika 20 na kufika kwa dakika 12. Ndani ya mji kuna miguu yako, taksi ndogo za umeme na basi la umeme. Barabara kuu, Bahnhofstrasse, inaanzia kituoni hadi kanisani. Ni mwendo wa dakika kumi kwa viatu vya kawaida. Kwa viatu vya skii, hesabu ishirini.

Milango ya kwenda juu ni mitatu. Mkabala na kituo kuna treni ya meno ya Gornergrat, iliyoanza kazi mwaka 1898, inayokufikisha mita 3,089 kwa dakika 33. Upande wa pili wa mto kuna treni ya kebo ya Sunnegga, inayopita ndani ya mwamba na kutokea mita 2,288. Mwisho wa kusini wa mji kuna magari ya kebo ya kwenda Furi, na kutoka hapo yanaendelea hadi Matterhorn Glacier Paradise kwenye mita 3,883. Mgahawa wowote wa mlimani unaousikia, uliza kwanza uko kwenye mlango upi kati ya hiyo mitatu. Hotelini waambie wakuoneshe kwenye ramani, si kwa maneno.

Mji wenyewe uko chini kidogo kuliko Nairobi, kwa hiyo hewa yake haitakusumbua. Kule juu ni habari nyingine. Mita 3,883 ni juu zaidi ya kituo cha Horombo cha Kilimanjaro (mita 3,720), ambako mpandaji hufika siku ya pili akiwa ameshauzoesha mwili; hapa unafika kwa gari la kebo chini ya saa moja, tumbo likiwa bado na kifungua kinywa. Kichwa kuuma na kichefuchefu ni kawaida. Kule juu kunywa chai, piga picha, shuka. Mlo wenyewe uufanye kati ya mita 1,800 na 2,600.

Hatua ya 1: asubuhi, jaza mkoba kabla ya kupanda

Kama hoteli yako haina kifungua kinywa, usikae mgahawani kukitafuta. Utatoa faranga 25 na zaidi kwa mayai na mkate. Nenda kwenye duka la mikate. Fuchs wana matawi kadhaa mjini na mkate wao unaojulikana ni Bergführerbrot, yaani mkate wa waongoza wapandaji: mzito, una matunda makavu na karanga ndani, hauvunjiki mkobani na haugandi kama mkate mweupe. Kipande kimoja na jibini kinakufikisha saa sita.

Supamaketi kubwa ni mbili, Coop karibu kabisa na kituo na Migros mitaa michache pembeni. Coop bidhaa zake za bei ya chini zina lebo ya Prix Garantie, Migros zina lebo ya M-Budget. Ndani mara nyingi ni kitu kilekile unachokilipia mara mbili rafu ya juu yake. Migros haiuzi pombe kabisa: mwaka 2022 wanachama wake walilipigia kura suala hilo na wakakataa kubadilisha. Jioni kabla ya kufunga, nyama, saladi na sandwichi huwekwa vibandiko vya punguzo la asilimia 25 au 50. Kuku wa kuoka wa moto ndiye mlo wa bei nafuu kuliko wote Zermatt kwa watu wawili.

Maji usinunue. Maji ya bomba yanatoka mlimani na yananyweka, na chemchemi za mtaani pia, isipokuwa penye kibao cha "Kein Trinkwasser". Jaza chupa lita moja kwa kila mtu. Hewa ya baridi ya milimani ni kavu na unapoteza maji bila kuona jasho, kisha jioni unadhani ni mafua.

Hatua ya 2: chakula cha mchana mlimani

Migahawa ya mlimani ni ya aina mbili na ni vizuri kujua unaingia ipi.

Ya kwanza ni ile ya kujihudumia, iliyoko kwenye vituo vya magari ya kebo na treni. Unachukua sinia, unapita kwenye foleni, unalipa mwishoni. Supu ya shayiri au ya gulash na mkate ni faranga 12 hadi 16, tambi 20 na kitu. Kosa la hapa ni kuingia saa sita na nusu hadi saa nane mchana, wakati kila mtu ameingia. Kula saa tano na nusu, au subiri saa nane na robo. Sehemu ya kuteleza nayo inakuwa tupu wakati wengine wanakula, kwa hiyo unapata faida mara mbili.

Ya pili ni nyumba za zamani za mbao kwenye vitongoji vya wafugaji, zilizogeuzwa migahawa ya kukaa. Hizi ndizo zinazoipa Zermatt jina. Kitongoji cha Findeln, chini ya Sunnegga, kina kadhaa karibu karibu: Chez Vrony, ambayo familia yake hutumia jibini, soseji na nyama kavu za mifugo yao wenyewe, pamoja na Findlerhof na Adler Hitta. Upande wa Furi kuna kitongoji cha Zum See chenye mgahawa wa jina hilohilo, na Blatten hatua chache kutoka hapo. Sahani moja ya maana huwa faranga 30 hadi 50. Ghali, ndiyo, ila meza ya nje ya Findeln inatazama Matterhorn uso kwa uso, na kama utatumia fedha ya mlo mmoja tu Zermatt, tumia hapa mchana kuliko mjini usiku.

Namna ya kuifanya bila kuumia:

1. Weka nafasi kwa simu au kwenye tovuti yao siku mbili tatu kabla. Wiki ya Krismasi na Februari, wiki mbili kabla. Kuna zamu mbili, ya kama saa sita na ya kama saa nane. Ya saa sita ina jua. Ya saa nane ina muda wa kukaa, lakini pia ina hatari ya kukukuta na giza njiani mwezi Desemba.

2. Kama huchezi skii, sema hivyo unapoweka nafasi, watakueleza njia ya miguu iliyo wazi. Findeln unashuka kwa miguu kutoka Sunnegga, karibu dakika 20 hadi 25 kwenye theluji iliyoshindiliwa. Zum See unashuka robo saa kutoka Furi. Kurudi ndiko kwenye kazi: kutoka Findeln unapanda tena mita kama 200 za mwinuko, au unaendelea kushuka hadi mjini kwa saa moja hivi. Tikiti ya kwenda na kurudi inakufaa ukirudi juu. Ukishuka kwa miguu nunua ya kwenda tu.

3. Vaa viatu vyenye soli yenye meno. Dukani kuna minyororo midogo ya mpira ya kuvalisha juu ya kiatu. Raba za mjini hazifai; njia hiyo alasiri inayeyuka juu na kuganda upya, inakuwa kioo.

4. Soma saa ya kebo ya mwisho kwenye ubao wa kituo cha chini kabla hujapanda, siku hiyohiyo. Hubadilika kwa msimu, Desemba ni mapema kuliko Aprili, na upepo unaweza kuifuta kabisa. Omba bili saa moja nzima kabla ya hapo. Mhudumu wa Uswisi haleti bili mpaka uiombe, kwake ni adabu; sema "Zahlen, bitte."

Ukitaka kula juu bila kutembea kabisa, chukua treni ya Gornergrat. Inashuka na abiria wa kawaida na vituo vyake vya Riffelalp, Riffelberg na Gornergrat vyote vina pa kula. Kwa wazee na watoto wadogo hii ndiyo jibu, na kaa upande wa kulia unapopanda.

Hatua ya 3: kujua unachoagiza

Vyakula vya Valais vinajirudia kila menyu, kwa hiyo ukivijua sita umemaliza.

Raclette ni jibini la maziwa ya ng'ombe. Nusu duara la jibini huwekwa uso wake mbele ya moto hadi utokote na kutoa mapovu, kisha mpishi analiinamisha na kukwangua safu iliyoyeyuka moja kwa moja kwenye sahani yako kwa mgongo wa kisu. Inaletwa na viazi viwili vidogo vilivyochemshwa na maganda, matango madogo ya siki na vitunguu vya siki. Ile siki ina kazi yake, inakata mafuta, usiiache pembeni. Sahani moja ni ndogo, kama faranga 9 au 10, na mtu mzima hula tatu hadi tano. Ukiona "à discrétion" maana yake unalipa mara moja unakula hadi ushibe. Kila sahani iliwe ikiwa ya moto, hapo hapo. Usisubiri wenzako wahudumiwe, ukisubiri jibini linageuka mpira. Ukingo mkavu uliokaangika kwenye ganda ndio mtamu zaidi, muombe mpishi akukwangulie.

Fondue ni chungu cha jibini lililoyeyushwa na mvinyo mweupe, kinachokaa juu ya moto mdogo mezani. Faranga 28 hadi 35 kwa mtu, na wengi hawaandai kwa mtu mmoja. Mjini, Whymper-Stube iliyo ndani ya hoteli ya Monte Rosa ni maarufu kwa chakula hiki. Jina lake ni la Edward Whymper, ambaye kundi lake lilikuwa la kwanza kufika kileleni Matterhorn tarehe 14 Julai 1865, na wanne kati ya saba wakafa wakishuka. Chomeka uma kupitia nyama ya mkate hadi utoboe ganda, ndipo mkate unashika. Koroga hadi chini kila unapochovya, maana chungu kisipokorogwa huungua katikati na kutengana pembeni. Mwishoni hubaki ukoko wa kahawia. Huo unagombewa mezani kama ukoko wa pilau, na mhudumu atakubandulia ukimwomba.

Rösti ni viazi vilivyoparuzwa na kukaangwa kama chapati nene, juu yake yai au jibini. Älplermagronen ni makaroni na viazi ndani ya krimu na jibini, kwa mchuzi wa tufaha. Wanga juu ya wanga, na mtoto wako hatakataa. Walliser Teller ni ubao wa nyama kavu, jibini na mkate mweusi wa nafaka ya rai. Cha sita kina jina la kutisha: Cholera. Ni mkate wa kuoka wenye viazi, liki, tufaha, vitunguu na jibini ndani. Huuzwa vipande kwenye maduka ya mikate, hushibisha, na kwa bei ndio mlo wa mchana wenye akili kuliko yote mjini.

Kwa asiyekula nguruwe wala kunywa pombe

Hapa panahitaji umakini, kwa sababu pombe na nguruwe vimejificha ndani ya vyakula ambavyo kwa jina vinaonekana ni jibini na viazi.

Fondue ya kawaida ina mvinyo, karibu desilita moja kwa kila mtu, na mara nyingi pombe kali ya matunda iitwayo Kirsch. Kuchemka hakuondoi pombe yote. Fondue ya nyanya nayo kwa kawaida ina mvinyo. Käseschnitte, ule mkate wenye jibini juu, mara nyingi hulowekwa mvinyo kwanza na kutandikwa nguruwe chini ya jibini. Rösti huweza kukaangwa na Speck. Supu ya shayiri huwa na vipande vyake pia. Maneno ya kuyatambua kwenye menyu ni Schwein, Speck, Schinken na Lardons, yote nguruwe; na Cervelat, soseji ya taifa, ina nguruwe pamoja na ng'ombe. Sema "ohne Alkohol, ohne Schwein, bitte" na umwombe mhudumu aulize jikoni, si akisie.

Raclette ndiyo salama zaidi upande wa pombe. Kuhusu jibini lenyewe, Gruyère na majibini mengi ya asili ya Uswisi hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Anayelihesabu hilo achague jibini lililoandikwa kuwa ni la kimeng'enya kisichotokana na mnyama.

Nyama ni suala gumu zaidi. Kuchinja ng'ombe au kondoo bila kumzimisha fahamu kwanza hakuruhusiwi Uswisi, katazo lililotokana na kura ya wananchi ya mwaka 1893, kwa hiyo nyama ya halali iliyochinjwa hivyo huagizwa kutoka nje na utaipata kwenye bucha za miji mikubwa kabla hujapanda treni ya milimani. Mgahawani unabaki na samaki, mayai, viazi na jibini, na si njaa hiyo. Kwa sheria, asili ya nyama, yaani nchi ilikotoka, lazima ioneshwe. Hilo halikuambii ilivyochinjwa, ila linakupa pa kuanzia kuuliza.

Hatua ya 4: kupika mwenyewe

Familia ya watu wanne ikila nje mara mbili kwa siku hutoa faranga mia tatu bila kuagiza chochote cha ajabu. Kwa hiyo nyumba ya kukodi yenye jiko inajilipa yenyewe.

Jambo la kwanza ni kwamba kwenye mita 1,608 maji yanachemka karibu nyuzi 95, si 100. Viazi vinachukua dakika tano hadi kumi zaidi. Maharage makavu yatakutesa. Nunua ya kopo, au tumia sufuria ya presha kama ipo. Wali weka maji kidogo zaidi na ufunike vizuri. Ugali unawezekana kwa unga wa mahindi wa njano unaouzwa kwa ajili ya polenta, ukichagua ule laini. Uache ule wa kuiva kwa dakika mbili: umeshapikwa kiwandani, utakupa uji mzito usioshikana hata ukisonga na mwiko mpaka mkono uume. Na usibebe nyama wala bidhaa za maziwa kutoka nyumbani; kuingiza Uswisi vyakula vya wanyama kutoka nje ya Ulaya hakuruhusiwi na vitaishia uwanja wa ndege.

Fondue ya watu wanne isiyo na pombe inafanyika hivi. Gramu 400 za Gruyère na gramu 400 za Vacherin Fribourgeois, vyote viparuzwe. Juisi ya tufaha isiyotiwa sukari desilita 3. Maji ya limau vijiko vikubwa 2. Wanga wa mahindi vijiko vidogo 4. Punje moja ya kitunguu saumu, pilipili manga, kungumanga kidogo. Mkate wa jana gramu 700, kila kipande kiwe na ganda lake. Mkate wa leo ni laini mno, unazama.

Paka chungu kitunguu saumu. Koroga wanga na juisi ikiwa bado baridi, ongeza limau, pasha hadi ianze kufuka mvuke. Punguza moto. Tia Gruyère konzi moja moja, ukikoroga kwa mwiko kwa mwendo wa namba nane, si kuzungusha, ili jibini lisijikusanye katikati. Vacherin iingie mwisho kabisa, na baada ya hapo isichemke tena.

Ikijikata, yaani mafuta juu na donge chini, sababu ni moto mkali au asidi kidogo. Asidi hushika kalisi inayozifunga protini za jibini pamoja; ikikosekana, protini hukazana na kutema mafuta. Toa motoni, tia kijiko kikubwa cha limau na kijiko kidogo cha wanga uliokorogwa kwa maji baridi, kisha piga kwa nguvu. Hurudi mara nyingi. Ikiwa nzito tu bila kujikata, ongeza juisi ya moto kidogo kidogo.

Kinywaji cha pembeni ni chai. Waswisi hubishana miaka yote kama mvinyo husaidia kuyeyusha fondue tumboni; utafiti wa Zürich uliochapishwa mwaka 2010 katika British Medical Journal ulikuta kwamba waliokunywa mvinyo chakula kilikaa tumboni muda mrefu kuliko waliokunywa chai.

Hatua ya 5: vinywaji na saa za baa

Chai utaletewa kikombe cha maji ya moto na mfuko wa majani pembeni. Ya maziwa omba "Schwarztee mit heisser Milch", na tangawizi ujiwekee mwenyewe. Ovomaltine iliyoko kila menyu ni Ovaltine ileile tunayoijua madukani kwetu; ilianzia Bern mwaka 1904. Rivella ni soda iliyotengenezwa na maji ya maziwa yanayobaki jibini likigandishwa, haina pombe, na ijaribu walau mara moja.

Kwenye orodha ya vinywaji vya moto kuna mitego. Kafi fertig ni kahawa yenye pombe kali. Jagertee ni chai yenye ramu. Glühwein ni mvinyo wa moto wenye mdalasini na karafuu, unanukia kama chai ya maulidi na watoto huuomba. Wa kwao ni Kinderpunsch. Na ukikuta "Lumumba", ni chokoleti ya moto yenye ramu. Jina hilo lilienea katika nchi zinazosema Kijerumani, limechukuliwa kwa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo aliyeuawa Januari 1961. Baadhi ya masoko ya Krismasi Ujerumani yameshalifuta baada ya malalamiko, mengine bado.

Kwa mnywaji, mvinyo huuzwa kwa desilita: agiza "ein Deziliter" na utapata glasi moja, chupa nzima si lazima. Mweupe wa jimbo hili ni Fendant, mwekundu ni Dôle, na Heida unatoka mashamba ya Visperterminen, bondeni humuhumu, yanayopanda hadi mita 1,150 hivi. Bia ya kawaida inaitwa Stange, desilita 3. Umri ni miaka 16 kwa bia na mvinyo, 18 kwa pombe kali, na vitambulisho huulizwa.

Baa za baada ya skii hujaa saa kumi alasiri. Hennu Stall iko kwenye njia ya skii ya kushuka kutoka Furi, juu kidogo ya mji, ina muziki na watu wanacheza na viatu vya skii miguuni. Tatizo lake ni mita za mwisho kutoka pale hadi mjini: giza linaingia, njia imeganda, na miguu haikusikilizi. Bima nyingi hubana malipo ukiumia ukiwa umelewa. Ukitaka kunywa zaidi ya moja, shuka kwanza mjini, rudisha vifaa, badili viatu, kisha nenda Papperla Pub au Elsie's Bar mkabala na kanisa. Brown Cow, katikati ya Bahnhofstrasse, wanauza baga na chipsi kwa bei ya kibinadamu na jikoni kwao huwaka wakati kwingine kumezimwa, jambo la maana kwa sababu majiko mengi mjini hufunga kati ya saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni, na tena saa tatu na nusu usiku.

Malipo ni kwa kadi karibu kila mahali. Yuro hupokelewa ila chenji utarudishiwa kwa faranga, kwa kiwango chao. Huduma imo ndani ya bei. Watu huongeza kidogo kufikia namba kamili na basi. Kama umelala Täsch, soma saa ya treni ya mwisho kabla hujaagiza kitinda mlo.

Kuvuka kwenda kula Italia

Kutoka vituo vya juu unaweza kuteleza hadi Cervinia upande wa Italia, mita 2,050, ukanywa espresso kwa chini ya nusu ya bei ya Zermatt na kula polenta na mchuzi wa nyama kwa yuro. Wengi hufanya hivyo mchana na ni uamuzi mzuri siku ya jua. Unahitaji tikiti ya kimataifa, ambayo ni nyongeza juu ya ile ya Zermatt peke yake, na pasipoti yako mfukoni ingawa nchi zote mbili ziko Schengen, eneo la Ulaya ambalo kwa kawaida halikagui pasipoti mipakani.

Lakini njia za kurudi zote zinapita juu karibu na mpaka, na upepo ukizidi hufungwa bila kukungoja. Saa nane mchana uwe umeshaanza kupanda. Asubuhi kama ubao wa kituo cha chini unaonesha njia ya juu kwa alama ya njano au onyo la upepo, ahirisha. Aliyefungiwa Cervinia anarudi Zermatt kwa barabara, akiuzunguka mlima mzima kwa taksi ya saa kadhaa na mamia ya faranga, na taksi yenyewe itamwishia Täsch.